Siti Iliyoganda

Jumamosi asubuhi gulio la vipuri halina adabu. Watu wanakanyagana, kila kibanda kina redio yake na kila redio ina wimbo wake, na hakuna muuzaji ambaye chuma chake hakikutoka kwenye baiskeli iliyowahi kushinda mbio. Katikati ya vurugu hiyo, mbele ya turubai la Mama Vipuri, mikono miwili iliushika uma mmoja wa baiskeli, ule unaobeba gurudumu la mbele, na hakuna aliyekubali kuuachia.

Mkono mmoja ulikuwa wa kiume, mpana, wenye grisi ndani ya mikunjo ya vidole. Mwenyewe alivaa ovaroli ya kijivu na kofia ya sufu aliyoisukuma mpaka kisogoni. Mkono wa pili ulikuwa wa kike, kucha fupi zisizo na rangi, na ulitokeza kwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Juu ya shati kulikuwa na sweta la bluu la kazini lenye beji. Uso ulikuwa mzuri, lakini mzuri kama nyumba iliyofungwa mapazia: unaisifia kwa nje, hujui kama ndani kuna mtu.

"Dada, nimeushika mimi kwanza," alisema mwanamume.

"Sawa," alijibu yule dada, bila kuuachia.

"Sawa nini sasa, na mkono bado upo?"

"Sawa, nimesikia."

Mama Vipuri, aliyekaa juu ya tairi la lori kama amekaa kwenye kochi, alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Endeleeni kuvuta tu. Mkichoka nitawauzia nusu kwa nusu."

"Unautakia nini?" mwanamume aliuliza.

"Baiskeli."

"Najua si wa kulia chakula. Baiskeli ya nini? Huu una nafasi pana, tairi la meno linapita na tope lake lote. Ya kwenda kazini haihitaji hivi."

"Ya mbio za matope."

Hapo ndipo mwanamume alipomtazama vizuri. Mbio za matope hufanyika mvua zikiisha, kwenye mashimo ya zamani ya kuchimbia udongo wa matofali, nje kidogo ya mji. Unaendesha kwenye tope mpaka baiskeli ikatae, unashuka inapokataa, unaitia begani, unapanda ukingo mbio, unairukia upande wa pili, unaendelea. Watu wenye akili zao huenda kutazama. Yeye alikuwa miongoni mwa wale wengine.

"Nani anakujengea?"

"Mwenyewe."

"Umewahi kujenga baiskeli?"

"Hapana."

"Bajeti?"

"Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

Dada alimtazama Mama Vipuri, akautazama uma, akamrudia. "Ndogo," alisema tena, kwa sauti ile ile, na mwanamume akapigwa na butwaa, kwa sababu sauti ile aliijua.

"Hebu sema 'tunasikitika kwa usumbufu'."

"Samahani?"

"Wewe ndiye dada wa idara ya maji! Maji yalikatika kwenye jengo letu, nikapiga simu nimefura kama chatu. Ukaniambia, 'Tunasikitika kwa usumbufu, ombi lako limepokelewa.' Nikajikuta nasema asante! Nilipokata simu nikabaki naikasirikia simu."

"Maji yalirudi?"

"Yalirudi."

"Basi ombi lilipokelewa."

Mwanamume hakujua kama ule ulikuwa utani. Ukweli ni kwamba hata dada mwenyewe hakujua. Lakini mwanamume aliuachia uma, akasema, "Chukua. Kwa sharti moja: niione hiyo fremu utakayoufungia."

"Sawa," alisema dada.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti, na kwa kuwa mji mzima hauna subira na majina marefu, aliitwa Lifti. Dada wa idara ya maji wenzake walimwita Pole, kwa kuwa ndilo neno alilokuwa akilisema kuanzia anapovaa vipokea sauti vya masikioni mpaka anapovivua. Wenzake wakisema pole husikika wamechoka, au wananuna, au wanaigiza. Yeye aliisema ikatoka laini, safi, haina kitu ndani. Msimamizi aliwahi kuirekodi ili wapya wajifunze.

*

Fremu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, kibarazani, kwenye nyumba ya ghorofa ambako Pole aliishi na mama yake. Ilikuwa ya chuma chepesi, rangi ya kijani kibichi iliyokwaruzika, na kitu pekee kilichobaki juu yake kilikuwa siti.

Ilikuwa ya kaka yake. Kaka aliipanda miaka na miaka, kazini, sokoni, na kila mvua zilipoisha kwenye matope. Kisha figo zikaanza kumsumbua, na hospitali haitaki maneno. Wakauza magurudumu. Wakauza gia, breki, usukani, na mwisho uma. Kadiri alivyopungua yeye, baiskeli nayo ikapungua. Fremu ilibaki kwa sababu hakuna aliyeitaka: bomba linaloshika siti lilikuwa limeganda ndani yake, halipandi wala halishuki, na mnunuzi hanunui ugonjwa. Kaka akafa, fremu ikabaki msumarini na siti yake juu.

Pole hakulia. Mashangazi walimwangalia msibani kwa jicho la pembeni, wakanong'onezana jikoni. Yeye alipokea wageni, aligawa viti, aliosha vikombe, akarudi kazini siku likizo ya msiba ilipokwisha. Tangu hapo alikula kwa sababu ni saa ya kula na alilala kwa sababu taa zimezimwa. Hakuwa na huzuni. Ingekuwa afadhali huzuni. Alikuwa na ganzi, ile ya mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu, ila yake ilimwenea mwili mzima.

Kwa nini basi alitaka kuijenga upya baiskeli? Mama yake alimuuliza hivyo hivyo. "Iko nusu," Pole alimjibu, na mama hakupata jibu jingine.

Lifti aliishusha fremu, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza, akapitisha kidole kwenye kila kiungo. "Mama, mlikuwa mmetundika mali hapa. Hii ni kazi ya mikono ya mtu." Kisha akaishika siti, akajaribu kuizungusha. Haikusogea. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Hili bomba limeganda."

"Najua," alisema Pole.

"Lazima litoke. Siti iko juu mno kwako, utagusa pedali kwa vidole vya miguu tu. Na kwenye matope mtu anairukia siti akikimbia. Utaanguka uvunjike mguu."

"Acha."

"Si jambo la kuacha, dada."

"Acha, hela haitoshi."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na wazazi wake walikuwa wawili. Hela haikuwa sababu. Siti ile ilikuwa imeganda kwenye urefu wa miguu ya kaka yake. Dunia nzima ilikuwa imekwisha kumshusha, kumfunika na kumsahau, na kitu pekee kilichobaki kwenye kimo chake ni siti ile. Lakini hilo Pole angelisemaje kwa fundi wa lifti aliyemfahamu kwenye gulio? Alisema hela, kwa sababu hela kila mtu anaielewa.

*

Walijengea chini kabisa ya jengo la ofisi ambalo Lifti alikuwa analihudumia, kwenye chumba cha mitambo, kamba za chuma zikipanda na kushuka nyuma ya wavu na balbu moja ikining'inia juu ya meza ya vifaa. Pole alikuja akitoka kazini, akavua beji, akakunja mikono ya shati.

"Hela kidogo ina kanuni yake," Lifti alimwambia siku ya kwanza. "Usiitie kwenye kinachong'aa. Itie kwenye kinachozunguka na kinachosimamisha."

"Yaani?"

"Beringi, tairi, breki. Vingine tutaviokota."

Wakaviokota kweli. Rimu zilitoka kwenye baiskeli iliyogongwa na gari, vitovu vya magurudumu vilitoka kwenye nyingine iliyotupwa kwenye banda la kuku. Usukani Mama Vipuri aliwapa baada ya Lifti kumnyooshea mlango wa kibanda uliokuwa unakwama, na akasema angewapa hata bure kama wangeacha kujifanya hawapendani. Mbele waliweka gia moja tu, kwa sababu gia nyingi kwenye tope ni mizigo. Waya za breki Lifti alizipitisha juu ya bomba la juu badala ya chini.

"Kwa nini juu?" Pole aliuliza.

"Chini ya bomba ndipo bega lako linapokaa ukiibeba. Waya ikiwa pale itakukata."

"Sawa."

Kila kilipotajwa kitu cha bei, Pole alisema, "Acha, hela haitoshi," na kila aliposema hivyo, baada ya siku chache kitu kile kilitokea mezani. Pedali alizitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe. Mpira wa kukinga fremu isikwaruzwe na cheni ulitoka kwenye mlango wa lifti iliyostaafishwa. Alijifunza kwamba "acha" ya Pole maana yake ni "natamani ila siwezi", na alikuwa ameisikia mara nyingi mno kuweza kudhani kwamba kuna moja yenye maana nyingine.

Jioni ya kusuka magurudumu walikaa wakitazamana, rimu katikati ya magoti yao, Lifti akipitisha spoki, zile nyaya za gurudumu, upande huu na Pole akizipokea upande ule. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukikaza moja unapinda nyingine.

"Leo umevaa njano," Lifti alisema. Ilikuwa kweli. Blauzi ya njano, mikono mifupi, na hereni ndogo.

"Shati lilikuwa halijakauka."

"Basi namshukuru Mungu kwa mawingu."

Pole alimwangalia. Kitu fulani kilisogea mdomoni mwake, kikakaa tena mahali pake. "Kaza hiyo," alisema. "Imelegea."

Simu zilianza. Lifti alimpigia mchana, akiwa juu ya paa la lifti.

"Idara ya moyo?" 

"Umekosea namba."

"Nina malalamiko. Kuna mtu amenikatia usingizi."

"Tunasikitika kwa usumbufu."

"Ombi langu limepokelewa?"

"Linashughulikiwa," alisema Pole, akakata, na mwenzake wa kiti cha jirani akamwona anaitazama simu. Hakuwa anacheka. Lakini siku simu ilipochelewa, alikunywa chai yake yote ndipo akagundua hakuwa ametia majani. Siku ile pia aligusa balbu ya chumba cha mitambo ikiwa ya moto, akauacha mkono pale mpaka Lifti akauondoa kwa nguvu.

"Mpenzi, hukusikia moto?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na lilimtoka kwa hofu.

"Nilisikia," alisema Pole akikitazama kidole. "Baadaye."

Lifti alimpulizia kidole kile. Alimpenda, na ndicho kilichomfanya azidi kuiogopa siti. Kila alipofumba macho aliona Pole akiirukia, mguu ukikosa, tope likimpokea. Mbio zilikuwa zinakaribia. Basi Pole alipopangiwa zamu za jioni, yeye aliifunga fremu kwenye jiliwa la kubania vyuma akaanza. Alimimina mafuta ya kupenyeza, akamwaga maji ya moto, akavuta mpaka mgongo ukalia. Bomba halikutikisika. Mwishowe alilikata juu, akachukua ubapa wa msumeno wa chuma, akauzungushia kitambaa upande wa kushikia, akaanza kulikata bomba kwa ndani, kidogo kidogo, bila kugusa ukuta wa fremu. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Hakuna fundi anayemfanyia mteja kazi hiyo. Kazi hiyo mtu anamfanyia anayempenda, na aliifanya akipiga mluzi.

*

Baiskeli ilisimama chini ya balbu, imekamilika, nyepesi, kijani chake na mikwaruzo yake vikiwa kama vilivyokuwa. Tairi nyeusi zenye meno. Breki mpya, kitu kipya pekee mwilini mwake. Usukani umezungushiwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Na siti imeshuka, imekaa kwenye urefu wa Pole barabara.

"Panda," alisema Lifti, uso umejaa furaha. "Hebu panda uone!"

Pole aliweka mkono juu ya siti. Mkono ulishuka kuliko ulivyozoea kushuka.

"Bomba liko wapi?"

"Lile? Mama yangu, limenitesa lile! Limetoka vipande vipande. Ulisema hela haitoshi, nikasema haidhuru, nina mikono." Akamwonyesha viganja.

"Vipande viko wapi?"

"Nimevitupa kwenye chuma chakavu. Gari lilipita juzi."

"Sawa."

"Umefurahi?"

Pole aliushusha mkono wake, akaikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo. Akabandika beji. "Asante kwa huduma yako," alisema kwa sauti laini, safi, isiyo na kitu ndani, kisha akaingia kwenye lifti. Milango ikajifunga. Mfukoni mwa ovaroli ulikuwamo ufunguo wa kuisimamisha lifti ile popote, na mwenye ufunguo alisimama pale pale, viganja bado vimekunjuliwa.

Alimpigia simu, haikupokelewa. Kesho yake alipiga namba ya idara ya maji, akabonyeza alivyoambiwa abonyeze, akasikiliza muziki wa kusubiri, akapata dada mwingine, akakata, akapiga tena, mpaka akaipata sauti aliyoitaka.

"Idara ya maji, nikusaidie nini?"

"Ni mimi."

"Taja tatizo lako, tafadhali."

"Nimekosa, na sijui nimekosa nini."

"Tunasikitika kwa usumbufu. Ombi lako limepokelewa."

"Mpenzi, nitukane basi. Usinifanye mteja."

"Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Upande wa pili Pole alizisikia kamba za chuma zikipanda na kushuka. Alingoja kidogo, jinsi kanuni ya kazi inavyotaka, kisha akapokea simu iliyofuata. Bomba lilikuwa limepasuka mtaani kwa mtu. Akamwambia pole.

*

Mama wa Pole ndiye aliyechoka. Alimzoea kijana yule, aliyekuwa akiingia anasalimia mpaka sufuria, na nyumba ilikuwa imerudia kimya chake. Akampigia.

"Mwanangu, mbona umetukimbia?"

Lifti akaeleza yote.

"Ile siti ilikuwa miguu ya kaka yake," alisema mama. "Huyu mtoto hakulia, unasikia? Hata chozi moja. Lakini kila asubuhi akienda kazini alipita kibarazani, akaiwekea mkono juu, kama mtu anayemshika mwenzake bega. Mimi namwona, nanyamaza. Nilidhani amekwambia."

"Aliniambia hela haitoshi, mama."

"Basi amekudanganya, na wewe umemwamini. Njoo. Mtajua wenyewe."

Nyumba yao haikuwa na lifti. Lifti alikuja Jumapili mchana, baiskeli begani, akapanda ngazi zote nayo. Alivaa shati jeupe na suruali yenye mkunjo wa pasi, na kwenye bega kulikuwa kumeshaingia doa la cheni. Pole alifungua mlango. Alikuwa na gauni la nyumbani lililopauka, nywele hazijafungwa.

"Sikuja kuomba msamaha mlangoni," alisema Lifti. "Nakuomba niingie kwanza, ni nzito."

"Ulisema ni nyepesi."

"Ngazi hizi zinaongeza uzito."

"Mpishe," mama alisema kutoka ndani. "Iweke hapo kwenye korido, ndipo kaka yake alipokuwa akiiweka. Ngoja nitoe haya makoti."

Akayatoa makoti kwenye ndoano pamoja na mwavuli, na Lifti akaiegemeza baiskeli ukutani. Ndipo wote watatu walipoiona. Nyuma ya makoti, kwenye rangi ya maziwa ya ukuta, kulikuwa na alama nyeusi, ndefu, iliyong'aa kwa mafuta, pale siti iliposugua ukuta kwa miaka yote Kaka alipoingia nayo jioni na kutoka nayo asubuhi. Siti ya sasa ilikuwa chini yake. Kati ya siti na alama palikuwa na nafasi ya shubiri moja.

"Ndiyo yeye huyo," alisema mama taratibu.

"Sikujua," alisema Lifti. "Ungeniambia."

"Nilikwambia acha."

"Uliniambia hela."

Pole alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Nilikwambia hela."

"Lile la zamani siwezi kulirudisha, nimekwenda mpaka kwa wenye gari la chuma chakavu, limeshayeyushwa. Nimetafuta lingine, refu. Linapanda, linashuka." Akachomoa spana ndogo mfukoni, akampa. "Fanya mwenyewe."

Mama akaingia jikoni, akaanza kugonganisha sufuria ambazo hazikuwa na kosa lolote. Pole alipiga magoti, akalegeza nati. Akaivuta siti juu polepole mpaka ikaigusa alama. Ilikaa pale pale, haikuzidi wala haikupungua. Akaiwekea mkono. Alikaa hivyo mpaka sufuria zikanyamaza jikoni, kisha akaishusha yeye mwenyewe.

"Chini kidogo," alisema Lifti. "Kidogo tena. Hapo."

Akaikaza. "Silii," alisema akiwa bado amepiga magoti. "Sijui kwa nini."

"Hakuna aliyekuambia ulie."

"Mashangazi."

"Mashangazi na waje wabebe baiskeli."

Safari hii ule mdomo uliposogea, haukurudi mahali pake haraka.

*

Siku ya mbio mawingu yalikuwa chini na tope la mashimo ya matofali lilikuwa jekundu, zito, la kunata. Pole alivaa koti la mvua la kaka yake, mikono ameikunja, na soksi ndefu za njano. Lifti hakushindana, baiskeli yake haikuwa tena na pedali. Alikuja na ndoo, brashi, na sauti yake, akasimama karibu na ukingo mkubwa.

Tusidanganyane: Pole hakushinda. Watu walimpita tangu mwanzo. Aliendesha kwa uso ule ule wa kupokea malalamiko, akianguka, akiinuka, tope likimrukia mdomoni naye akilitema bila kinyongo. Breki zilishika, magurudumu waliyoyasuka hayakupinda. Siti alipoirukia ilimpokea.

Akafika kwenye ukingo. Akashuka, akapitisha mkono ndani ya fremu, akaiinua. Baiskeli yenye tope ni kitu kingine kabisa, na bomba la juu lilitua juu ya mfupa wa bega lake kwa uzito wake wote. Akapanda hatua chache. Mguu ukateleza, goti likagonga chini, bomba likamgonga tena pale pale.

Pole akasimama. Watu wakampita kushoto na kulia.

"Umeumia?" Lifti alipiga kelele kutoka juu.

Hakujibu. Alikuwa anasikiliza. Lilianzia begani, likashuka kifuani, likapanda kooni, na halikuwa laini wala safi.

"Naumia!" alipiga yowe. "Naumia!" Na machozi yakamtoka, yote, ya msibani na ya baada ya msiba, yakikata njia nyeupe kwenye tope la uso. "Kaka! Naumia mwenzio!"

Lifti alianza kushuka kumfuata.

"Usinisaidie!" alimkemea huku akilia. "Toka njiani!" Akaupanda ukingo wote hivyo, akilia kwa sauti kama mtoto, baiskeli begani, akaupita, akairukia siti, akaenda.

Alimaliza wakati waliotangulia walikuwa wameshabadili nguo. Lifti alimpokea, akaiegemeza baiskeli kwenye kigingi cha kamba, akaanza kuisugua kwa brashi kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini kingine. Pole alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bado alikuwa analia kidogo kidogo, bila aibu.

"Sikiliza masharti ya hili bomba," alisema Lifti bila kumtazama. "Kila mvua zikiisha lazima litolewe, lisafishwe, lipakwe grisi. Ukiliacha litaganda tena."

"Nitalipeleka kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Yuko mmoja, anapenda kukata vitu vya watu."

"Huyo fundi hataki kuitwaitwa. Anataka aishi palepale bomba lilipo."

Pole alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Unanichumbia huku umeshika brashi ya tope?"

"Pete itakuja. Hela imeishia kwenye breki."

"Sawa," alisema Pole.

Brashi ikasimama. "Hiyo ni sawa ya idara ya maji, au ya kwako?"

"Ya kwangu." Akajaribu kuinuka, akakunja uso. "Aa, bega langu."

"Pole, mpenzi."

"Usiniambie pole, hiyo ni kazi yangu. Niulize linauma wapi."

Lifti aliitupa brashi ndani ya ndoo nyingine, akapiga magoti mbele yake kwenye tope na suruali yake safi.

"Linauma wapi?"

Pole aliuchukua ule mkono mpana wenye grisi, akauweka pale.

"Hapa," alisema. "Bonyeza taratibu. Linauma sana."